Kumwombea Mgonjwa Asiyesadiki

Katika jamaa nyingi za Kikristo hupatikana mtu mmoja aliyeiacha dini. Alibatizwa utotoni, akapata Kipaimara, kisha katika masomo au kazi akafikia kusema waziwazi kwamba hasadiki tena kuwa yuko Mungu. Maadamu ni mzima, jamaa zake humvumilia, wakitumaini kwamba siku moja atarudi. Lakini siku anapolazwa hospitalini mioyo yao haitulii. Mama hukaa kando ya kitanda na rozari mkononi. Shangazi huja na wenzake wa jumuiya kuimba na kusali kwa sauti. Na mgonjwa hugeuza uso ukutani. Mama huumia, akidhani kwamba mwanawe ameikataa sala na kumkataa yeye mamaye pia. Yatupasa basi kuuliza: mtu wa namna hiyo huona nini moyoni anapoambiwa, "Tunakuombea"?

Tusijibu kwa kubahatisha. Wako wasiosadiki waliougua sana na kuyaandika yaliyokuwa mioyoni mwao, nasi twaweza kujifunza kwao.

Wa kwanza ni Daniel Dennett, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, aliyefariki mwaka 2024. Mnamo Oktoba 2006 mshipa mkubwa utokao moyoni mwake ulichanika, akafanyiwa operesheni ya saa 9, akapona. Mwaka huo huo aliandika makala ya shukrani. Mungu hakumshukuru, kwa kuwa hakumsadiki. Aliwashukuru madaktari, wauguzi, mafundi wa mitambo, wafagiaji na waliomletea chakula, pamoja na wataalamu waliovumbua dawa na vyombo. Juu ya rafiki zake waliomwambia kwamba walimwombea, alisema kuwa imembidi kuwasamehe. Alijua kwamba walimtakia mema, lakini aliona kuwa wakati ule wangaliutumia kwa kazi yenye faida zaidi. Maneno hayo ni makali masikioni mwetu. Hata hivyo tusiyatupe upesi, maana twajua jinsi ilivyo rahisi kwetu kumshukuru Mungu kwa sauti kuu na kumpita muuguzi aliyekesha bila hata kumwambia asante.

Wa pili ni Christopher Hitchens, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliyetoa mwaka 2007 kitabu cha kuzipinga dini zote. Mnamo Juni 2010 alionekana kuwa na kansa ya umio, yaani njia ya chakula. Habari zikaenea, hata watu wengine wakaitangaza tarehe 20 Septemba 2010 kuwa siku ya kumwombea. Yeye mwenyewe aliandika habari hizo katika gazeti la Vanity Fair. Wako waliofurahi, wakisema kwamba Mungu amempiga kooni kwa sababu ya kufuru zake. Hao aliwadharau, na kwa haki. Wengine walimwombea apone, na wengine waliiombea roho yake. Hao aliwatambua kuwa watu wema, ila akawauliza: mwaomba nini hasa, nipone au niongoke? Alionya pia kwamba, ikiwa siku za mwisho ingesemwa kuwa amemwita Mungu, watu wajue kwamba si yeye aliyesema, bali maumivu au dawa. Alifariki tarehe 15 Desemba 2011 mjini Houston, naye hakutangaza kubadili mawazo yake.

Tena kuna jambo la tatu. Mnamo Aprili 2006 ulitolewa huko Marekani uchunguzi uliofanywa na Dr. Herbert Benson na wenzake juu ya wagonjwa 1,802 wa operesheni ya moyo katika hospitali 6. Kundi moja liliombewa bila kuwa na hakika ya kuombewa. La pili halikuombewa, nalo pia halikuwa na hakika. La tatu liliombewa na kuambiwa wazi. Kati ya waliokuwa wakiwaombea walikuwamo watawa Wakatoliki. Matatizo baada ya operesheni yaliwapata wagonjwa 52 katika kila 100 wa kundi la kwanza, 51 wa la pili, na 59 wa lile la tatu. Wachunguzi walisema kwamba huenda tofauti hiyo ilitokea kwa bahati tu, lakini waliwaza pia kwamba labda mgonjwa aliyeambiwa alianza kujiuliza: "Je, hali yangu ni mbaya kiasi cha kutafutiwa watu wa kuniombea?"

Sisi hatushangai kwamba sala haikupimika. Mungu si dawa ya kujaribiwa kwa hesabu, na Maandiko yametukataza kumjaribu. Wagonjwa wale nao wengi walikuwa watu wa dini. Lakini ikiwa hata mwenye kusadiki aweza kutiwa hofu na habari ya kuombewa, asiyesadiki je?

Tukiyakusanya hayo twaona kwamba wasiosadiki hawana moyo mmoja. Yupo anayepokea neno la sala kama salamu ya upendo, akasema asante. Yupo anayeona kuwa tumeisahau kazi ya madaktari. Yupo anayeona kuwa tumengojea adhoofike ndipo tumshinde katika shauri ambalo hatukuweza kumshinda alipokuwa na nguvu. Huyu wa mwisho ndiye anayeumia kuliko wote, kwani hawezi kusimama na kuondoka.

Je, tuache kumwombea? Hasha! Kila Ijumaa Kuu Kanisa Takatifu husali hadharani kwa ajili ya wale wasiomsadiki Mungu, wala halimwombi yeyote ruhusa. Mama asimwache mwanawe nje ya rozari yake hata siku moja. Lakini kumwombea mtu ni jambo moja, na kumsomea sala usoni pake ni jambo jingine. Bwana wetu alifundisha kuingia chumbani, kufunga mlango na kusali kwa siri, kwa kuwa Baba aona sirini. Mtumishi wa yule akida aliponywa naye Bwana hakufika kitandani pake. Na yule kipofu wa Yeriko, ambaye haja yake ilionekana na wote, Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Ikiwa Mwana wa Mungu aliuliza, sisi tu nani hata tusiulize?

Sheria ya Kanisa yafuata njia hiyo hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1965 kwamba mtu yeyote asilazimishwe katika mambo ya imani. Sheria za mwaka 1983 zataka mtu mzima anayebatizwa awe ameonyesha nia yake, hata akiwa katika hatari ya kufa. Na Mpako wa Wagonjwa wapewa mkristo aliyeuomba, au ambaye angeuomba angalau kwa nia yake alipokuwa na fahamu. Kwa hiyo wale wanaommwagia maji kwa siri mtu mzima aliyezimia, ambaye siku zote alikataa, hawamfanyii hisani.

Basi jamaa za mgonjwa wa namna hiyo wayashike haya. Kwanza, wamwulize kwa upole kama apenda kusaliwa mbele yake, na akikataa wasirudie kila siku. Pili, akiwauliza kama wanamwombea, wamwambie kweli, kwa maneno machache. Tatu, wamtumikie: wampelekee uji, wamfulie nguo, walipe dawa, wakeshe naye, na kuwashukuru wauguzi. Nne, akimwita padre, wamwite upesi, hata usiku wa manane. Na akifa bila kumwita, wasizushe hadithi kwamba aliongoka, bali wamwachie Mungu ajuaye mioyo.

Hitchens huyo alikuwa na rafiki Mkristo, Dr. Francis Collins, mtaalamu mkubwa wa elimu ya urithi wa viumbe. Dr. Collins alimtembelea kwa wakati wake mwenyewe, akazungumza naye juu ya matibabu mapya yanayoweza kumfaa. Hitchens aliandika kwamba rafiki huyo hakumpendekezea sala, naye kwa upande wake hakumfanyia mzaha juu ya imani yake. Mtu aliyewafokea watu wa dini duniani kote alimkaribisha Mkristo huyo kitandani pake. Jamaa mwenye mgonjwa kama huyo na aanze leo: sala zake azipeleke chumbani kwake au kanisani, na hospitalini aende na chakula cha moto, akae, asikilize.