Kuponya Pasipo Kutonesha

Kidonda cha mwili chaonekana. Cha moyo hufichika. Mtu aliyeteswa utotoni huweza kushtuka daktari afungapo mlango tu, na daktari asiyefundishwa atamwita mkaidi. Ndiyo maana mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani ishughulikiayo afya ya akili ilitoa mwongozo wenye mambo manne: mhudumu ajue madhara ya mateso yaliyopita, azitambue dalili zake, aifuatishe kazi yake ujuzi huo, tena ajihadhari asimwumize mgonjwa mara ya pili.

Twaona hilo la nne ndilo gumu. Kumfunga kitandani mtu aliyewahi kufungwa na watesi wake, au kumshurutisha asimulie yote siku ya kwanza, ni kumtonesha. Basi mhudumu afundishwe kueleza kwanza atakalofanya, kuomba ruhusa, na kumwachia mgonjwa nafasi ya kuchagua.

Wala mhudumu mwenyewe asisahauliwe: asikilizaye vilio kila siku huchoka moyo, naye ahitaji wa kumsikiliza. Tena karani na bawabu wafundishwe pia, kwani mgonjwa huanza kuponywa, au kuumizwa, pale mlangoni.