Mwili wa Mtoto Unavyojifunza Kutulia

Sonona ni ugonjwa. Si huzuni ya msiba, wala si uvivu, ingawa wengi huuita hivyo. Madaktari husema mtu ana sonona pale ambapo kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, moyo wake umezama au hamu ya mambo aliyoyapenda imekatika, na pamoja na hayo usingizi, chakula, nguvu au uwezo wa kufikiri vimevurugika. Mara nyingi huonekana ukubwani, lakini mizizi yake yaweza kuwa mirefu. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,500 huko San Diego, California. Waliulizwa kama utotoni walipigwa, walidhalilishwa, walimwona mama akipigwa, au waliishi na mlevi nyumbani. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila ya namna hiyo walikuwa katika hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyo kubwa mara 4 hadi 12 kuliko ambao hawakupitia hata moja.

Kati ya kipigo na sonona yaweza kupita miaka thelathini. Jeraha limekwisha kupona, na pengine aliyepiga amekwisha kufa. Basi ni kitu gani kilichobaki mwilini?

Tuanze na msongo wenyewe. Mtu anapohisi hatari, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi, hutoa homoni. Homoni ni kemikali inayotengenezwa mahali pamoja mwilini na kupeleka ujumbe mahali pengine kwa njia ya damu. Homoni hii ya kwanza husafiri masafa mafupi tu, hadi tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari nayo huachia homoni ya pili, iitwayo kwa kifupi ACTH, ambayo hushuka na damu hadi tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Hizo ndizo zitoazo kotisoli. Kotisoli huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, na huahirisha kazi zinazoweza kungoja. Bila kotisoli mtu hafiki mbali. Tatizo huanza inapozidi, au inapokaa muda mrefu.

Kwa hiyo lazima kuwe na njia ya kuizima. Fikiria tangi la maji lililo juu ya paa. Ndani yake mna boya: maji yakipanda, boya linaelea na kupanda nayo, na likifika juu linafunga bomba. Maji yenyewe ndiyo yanayojizuia. Kotisoli hufanya vivyo hivyo. Ikijaa katika damu hufika kwenye ubongo, na huko hupokewa na protini maalumu zilizo ndani ya seli, ziitwazo vipokezi. Kipokezi kikiishika kotisoli, seli hutambua kwamba imetosha, na agizo la kuzalisha zaidi hupungua. Vipokezi hivyo ndivyo boya letu. Viko vingi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu. Mwenye vipokezi vichache ana boya zito: maji hujaa, hufurika, na bomba linachelewa kufunga.

Msomaji alishike hilo, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake.

Ni nini huamua idadi ya vipokezi? Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana kwa panya, katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kwenye kazi iliyoongozwa na Michael Meaney na Moshe Szyf. Panya jike huwalamba watoto wake, lakini si wote hulamba sawa: wengine hulamba sana, wengine kidogo. Watoto waliolambwa sana katika juma la kwanza walipokua walikuwa na vipokezi vingi vya kotisoli katika hipokampasi, na msongo wao ulishuka upesi. Waliolambwa kidogo walibaki na hofu.

Hapo mtu makini atauliza kama huo si urithi tu, mama mwoga kuzaa mtoto mwoga. Swali hilo ni la haki. Watafiti walilijibu kwa kubadilishana watoto: aliyezaliwa na mama alambaye kidogo alilelewa na mama alambaye sana, na kinyume chake. Mtoto alifuata mlezi, si mzazi.

Mwaka 2004 Ian Weaver na wenzake wa kundi hilohilo walionyesha jinsi malezi yanavyoacha alama. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani, na kipokezi cha kotisoli ni protini, kwa hiyo kina jeni yake. Juu ya DNA huweza kubandikwa kundi la methili, yaani atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Maneno ya jeni hayabadiliki hata kidogo. Lakini alama hizo zikibandikwa mwanzoni mwa jeni, seli huisoma kwa shida na vipokezi hutengenezwa vichache. Elimu ya alama za namna hii huitwa epijenetiki. Siku moja baada ya kuzaliwa, panya wote walikuwa na alama hiyo. Kufikia siku ya sita, kwa waliolambwa sana ilikuwa imepungua mno. Kwa wengine ilibaki hadi utu uzima. Na jambo ninaloliona zito kuliko yote: panya wazima waliolambwa kidogo walipopewa ndani ya ubongo dawa inayolegeza namna DNA ilivyofungwa, alama zilipungua na msongo wao ukawa kama wa wenzao.

Binadamu si panya, na ushahidi wetu ni mwembamba zaidi. Mwaka 2009 kundi hilohilo la Montreal lilichunguza ubongo wa marehemu 36. Waliojiua na ambao utotoni waliteswa walikuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni ya kipokezi kuliko waliojiua bila kuteswa. Idadi ni ndogo, na haifai kubebeshwa mzigo mkubwa. Afadhali kuitazama pamoja na kazi ya Christine Heim na Charles Nemeroff huko Atlanta, iliyochapishwa mwaka 2000. Wanawake 49 walitakiwa kutoa hotuba na kufanya hesabu za kichwa mbele ya watu. Kwa walioteswa utotoni na wenye sonona wakati huo, ACTH ilipanda zaidi ya mara sita kuliko kwa wanawake wasio na hali hizo mbili. Hakukuwa na kipigo chumbani mle. Kulikuwa na hotuba na hesabu tu.

Mafuriko hayo ya muda mrefu huharibu nini? Kotisoli ikizidi kwa majuma mengi, matawi ya seli za neva katika hipokampasi husinyaa, na boya huzidi kuwa zito. Usingizi hukatika. Kinga ya mwili nayo huchafuka: huko Dunedin, New Zealand, watu walioteswa utotoni walipofika umri wa miaka 32 damu yao ilionyesha, mara nyingi zaidi kuliko ya wengine, dalili za kinga iliyowashwa. Hali hiyo huonekana pia kwa baadhi ya wenye sonona.

Kubadilishana watoto, kama ilivyofanyika kwa panya, hakuwezekani kwa binadamu. Jambo lililokaribia ni la Bucharest, Romania. Baada ya utawala wa Ceaușescu, kiongozi wa nchi hiyo, kuanguka mwaka 1989, watoto wengi mno walikutwa katika makao ya serikali, wakilishwa na kuvalishwa lakini bila mtu wa kuwabeba. Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walichukua watoto 136 wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Kwa bahati nasibu, nusu walipelekwa kwa familia za walezi zilizoandaliwa kwa kazi hiyo, kwa maana malezi ya namna hiyo nchini humo yalikuwa karibu hayapo. Waliobaki hawakuzuiwa kuondoka baadaye nafasi ikipatikana.

Walipofika umri wa miaka 12 hivi walipewa mtihani wa msongo. Kwa waliobakizwa kwenye makao, kotisoli haikupanda ipasavyo, kana kwamba boya lilikuwa limekwama huku bomba limefungwa. Kwa hiyo mtambo huu huharibika kwa njia mbili, kwa kufurika na kwa kuganda. Waliopata walezi walifanana na watoto waliokulia kwa wazazi wao. Kwa kotisoli, tofauti ilionekana hasa kwa waliotolewa kabla ya kutimiza miezi 24.