Greda la Mtaa: Mafunzo Niliyopata Gudele

Mvua za Juba huanza Aprili na huendelea hadi Oktoba au Novemba. Sisi tunaokaa ndani ya mtaa wa Gudele, mbali na lami, miezi hiyo yote tunapanga safari kwa kutazama mawingu. Malori yanayouza maji ya Nile majumbani hupita yakiwa yamejaa, magurudumu yanachimba, na mvua inayofuata inageuza alama hizo kuwa mifereji. Mwaka juzi nilimwona mama mjamzito akishushwa kwenye bodaboda na kuvushwa kwa miguu, watu wawili wamemshika mikono, tope limempita vifundo vya miguu. Hakuna chombo kilichoweza kufika mlangoni kwake. Jioni hiyo niliamua kwamba Hilux yangu, inayobeba saruji na mabati mchana kutwa, itafanya na kazi ya barabara.

Wazo la kwanza lilitoka kwa jirani aliyerudi kutoka Omaha, Nebraska, mji wa Marekani wenye Wasudani Kusini wengi. Huko aliwahi kufanya kazi ya usiku ya kuondoa theluji kwa pikapu iliyofungwa bamba la chuma mbele. Alinionyesha picha kwenye simu, tukakubaliana tuunde la kwetu kwa chuma chakavu.

1. Theluji si udongo.

Tulikata tangi kuukuu la chuma kwa urefu, tukapata bamba lililopinda vizuri, upana wa mita 2. Tukaliunganisha na chesisi, si bampa, maana bampa lingeng'oka siku ya kwanza. Kwenye tope laini lilisukuma kama tulivyotaka. Lilipofika kwenye udongo mgumu lilijichimbia, gari likasimama ghafla, na vyuma vilivyolishika vikapinda vyote viwili. Kioo hakikupasuka, wala hakuna aliyeumia, lakini nilizima injini nikakaa kimya kwa muda.

Jirani ndiye aliyeng'amua kosa letu. Bamba la theluji lina springi nyuma yake: likigonga jiwe linainama mbele, kisha linarudi. Chini lina viatu vya chuma vinavyouzuia ukingo wake usikwaruze ardhi. Sisi tuliiga umbo tu. Na hata tungeviweka vyote hivyo, bado kulikuwa na kosa kubwa zaidi. Theluji ukiisukumia pembeni, barabara inabaki palepale. Udongo ukiusukumia pembeni, barabara yenyewe inashuka. Kila unapoikwangua inazama zaidi kuliko kingo zake, na mvua ikija inakuwa mto. Kazi yetu ya siku ile iliiacha njia mbaya kuliko tulivyoikuta.

2. Kokota, usisukume.

Mwaka 1896 hivi, huko Missouri, Marekani, mkulima aliyeitwa D. Ward King alianza kukokota barabara ya udongo iliyopita shambani kwake kwa kifaa cha kawaida kabisa. Baadaye alikiunda kwa gogo lililopasuliwa katikati, vipande vikasimamishwa kwa ubavu, kimoja nyuma ya kingine, umbali wa sentimita 75 hivi, vikavutwa na farasi. Mwaka 1908 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha kijitabu chake cha maelekezo. Barabara nyingi za vijijini kule zilitunzwa kwa njia hiyo kabla ya lami kufika.

Sisi, kwa kuiga njia hiyo, tulitumia vipande viwili vya chesisi ya lori lililokufa, kila kimoja mita 2, tukaviunganisha kwa mabomba matatu. Kipande cha mbele kinakata vilele, cha nyuma kinasambaza na kubana. Mnyororo, ambao ndio uliotugharimu kuliko kitu kingine chochote, haufungwi katikati. Unafungwa ukiegemea upande mmoja ili kifaa kiende mshazari. Hapa tunaendesha kulia, kwa hiyo unapita upande wako wa kulia, na ncha ya kulia, iliyo karibu na mtaro, ndiyo inayotangulia. Udongo unateleza juu ya chuma kuelekea kushoto na kushukia katikati ya barabara. Ukirudi upande wa pili, nao unaletwa katikati. Baada ya mizunguko kadhaa barabara inaota mgongo, na maji yanashuka kulia na kushoto yenyewe.

Uzito tunaongeza kwa mifuko ya mchanga. Vijana hupenda kupanda juu ya kifaa wasafiri nacho. Nimewakatalia wote, hata mwanangu, kwa sababu kifaa kikinasa kwenye jiwe kinaruka, na aliye juu huangukia mbele ya chuma.

3. Springi ya lori haichomelewi kama bomba.

Ukingo unaokata unatakiwa uwe chuma kigumu, na kila fundi wa hapa atakutajia springi ya lori. Nilichomelea kipande cha springi mchana kwa vijiti vya kawaida, nikakimwagia maji kipoe haraka. Asubuhi, nilipopitisha kidole kando ya mchomo, nilikuta ufa mwembamba kama unywele, umekwenda toka mwanzo hadi mwisho. Kipande kilikatika kwenye jiwe la kwanza. Chuma cha springi kikipozwa ghafla kinakuwa kama kigae.

Fundi mmoja wa soko la Custom alinifundisha: alikitia kipande kingine moto hadi kikawa chekundu, akakifukia kwenye jivu hadi siku ya pili, ndipo akakitoboa bila kuvunja keekee. Tukakifunga kwa bolti. Siku hizi natumia makali yaliyochakaa ya greda la kweli, yanayopatikana kwa wauza chuma chakavu. Ni mazito, na yanakuja yakiwa na matundu ya bolti tayari. Yakiisha upande mmoja unayageuza.

4. Usiingie barabarani kabla ya wakati wake.

Hapa ndipo wengi watakaoniiga wataharibu. Tope likiwa bado bichi, chuma kinabeba donge na kuacha shimo. Ukichelewa, udongo umekauka na kifaa kinaruka juu yake bila kufanya kitu. Naokota konzi moja na kuifumbata. Ikinata kiganjani, narudi nyumbani. Ikishikana bila kunata, nafunga mnyororo. Kwenye moramu, yaani udongo mwekundu wa changarawe, baada ya mvua ya jioni barabara huwa tayari kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ngoja hadi siku ya pili. Gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Jua na magurudumu ya bodaboda vinamalizia kazi kwa kuukaza udongo, na mvua inayofuata hukuta ngozi ngumu.

5. Muulize anayekaa barabarani.

Kuna mama anayeuza chai chini ya mwarobaini, kwenye kona yetu. Alikuwa ametutazama wiki tatu akiwa kimya. Siku moja aliniwekea kikombe, akaniambia, "Mwanangu, hapo unapojaza udongo ndipo moya hulala. Ukipafukia, yatalala wapi?" Moya ni maji kwa Kiarabu cha Juba. Alinitembeza hatua themanini hivi, akanionyesha mahali ambapo mtaro wa zamani ulikuwa umezibwa na takataka na chupa za plastiki, hatua chache tu kabla ya khor, korongo linalopeleka maji mtoni.

Tulitumia siku mbili na sepetu na majembe kuufungua. Siku hizo mbili zilifanya kazi kubwa kuliko miezi miwili ya chuma. Sasa kila baada ya mvua tunakagua mtaro kwanza, ndipo gari linawashwa.

6. Usitoke nje ya njia iliyozoeleka.

Nchi hii imepita katika vita virefu, na chini ya udongo wake bado kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu si mapambo. Ukiyaona, geuka na kurudi kwa njia uliyojia. Hatuchoti moramu porini, hatupanui barabara kwenye kichaka, na chuma chetu hakikati zaidi ya unene wa vidole vitatu. Siku moja kilifunua kitu chenye kutu ambacho hakuna aliyekitambua. Nilizima gari, watu wote wakarudi wakikanyaga alama za magurudumu, tukawazuia watoto na kuwaita wataalamu. Wewe pia, usiguse.

7. Chifu na wenye malori.

Nenda kwa chifu wa mtaa kabla ya kuanza. Kisha zungumza na madereva wa malori ya maji. Wetu walikubali kuzunguka njia ya nje kwa nusu siku baada ya kukokota, ili barabara ikauke, kwa kuwa springi zao ndizo zinazovunjika kwanza. Dizeli inachangwa na kila nyumba, na mama wa chai ndiye mshika daftari.

Njia yetu haifiki kilometa moja. Msimu uliopita tuliikokota mara 11, na mwezi Septemba, mvua ikiwa imekaza, lori la maji lilifika nyumba ya mwisho. Wakazi wa mitaa ya Munuki na Gurei wanaotaka kulipima greda letu na kuunda lao, waje. Limeegemezwa ukutani kwangu, na kuanzia Aprili watalikuta barabarani.