Jinsi ya Kumwambia Mkubwa Kuwa Kuna Hatari

Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana ukunguni katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi alikuwa ameanza kuruka bila ruhusa ya mnara. Mhandisi wake aliuliza kama ndege ya Marekani ilikuwa imetoka njiani. Rubani, aliyekuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa shirika lake kwa ndege hizo, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza.

Hayo yaliwapata Waholanzi, ambao kwao si ajabu mfanyakazi kumpinga bosi kikaoni. Japani, kinyume chake, inasifika kwa kuheshimu umri na cheo. Lakini katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa chini akiona kasoro huvuta kamba ya kuita msaada au hubonyeza kitufe. Kiongozi wake hufika, na tatizo lisipotatuka kazi husimama. Kwa hiyo mila pekee haitoshi kuokoa wala kuangamiza. Utaratibu unaojulikana na wote ndio unaompa mdogo ruhusa ya kusema.

Kwetu Afrika Mashariki, kumkosoa mkubwa mbele za watu ni kumvunjia heshima. Adabu hiyo tuitunze, ila isitufunge midomo penye hatari.

Ukiwa chini ya mkubwa

1. Mwite kwa cheo chake: "Daktari," "Mkuu," "Mzee."
2. Taja unachokiona: "Presha ya mgonjwa inashuka." Usianze kumlaumu mtu.
3. Pendekeza la kufanya: "Naomba tusimame kwanza."
4. Taka jibu: "Unasemaje, Mkuu?"

Asipokusikia, rudia kwa sauti ya wazi zaidi. Akikataa na hatari ipo, mfikishie aliye juu yake. Mafumbo yana mahali pake; gari likiwa limekatika breki, sema breki zimekatika.

Ukiwa wewe ndiye mkubwa

Kikaoni, toa maoni yako mwisho, kwani ukitangulia wengi watakufuata tu. Uliza, "Nani ameona jambo linalomtia wasiwasi?" kisha subiri. Anayekuonya mshukuru hata kama amekosea, maana ukimkaripia mmoja umewanyamazisha wote.

Kabla ya kazi ya hatari, mpe kila mtu nafasi ya kusema. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka wote walio katika chumba cha upasuaji wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Aliyekwisha kusikika mara moja haoni taabu kusema tena.

Wakuu wa kazi, wekeni utaratibu huu kabla ya ajali. Nanyi mlio chini yao, semeni mapema: kumwonya mkubwa kwa adabu ni sehemu ya kumheshimu.