Nyuso za Darasa Letu: Niliyojifunza Katika Masomo ya Kupiga Picha

Katika ukumbi wa shule yetu, upande wa mkono wa kulia uingiapo, imetundikwa picha ya darasa letu tuliomaliza mwaka 1987. Ninyi mlio shuleni sasa mnapita mbele yake kila asubuhi, wala sidhani kama mmewahi kusimama kuitazama. Siwalaumu, maana hakuna cha kutazama. Kuna mashati meupe sitini na mawili yaliyopangwa safu nne, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya sherehe, na juu ya kila shati kuna doa jeusi. Madoa hayo ndiyo nyuso zetu.

Kwa miaka mingi tuliicheka. Kila tulipokutana wanafunzi wa zamani, mmoja wetu alisimama mbele yake akasema, "Mimi ni yule mweusi pale," na sote tukaangua kicheko. Lakini miaka miwili iliyopita, siku ya mkutano wetu, alikuja mama mmoja mzee, mzazi wa rafiki yangu ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya changu bwenini kwa miaka minne. Rafiki huyo alifariki mwaka 1994. Picha zake za nyumbani ziliungua pamoja na nyumba, na mama alikuwa amesikia kwamba shuleni imebaki moja. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nionyeshe mwenzio." Nikamwonyesha: safu ya tatu, wa tano kutoka kushoto. Akavaa miwani, akasogea karibu sana, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Hili ni shati, mwanangu."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba picha ni ya zamani, imefifia. Nilisema uongo pasipo kujua, maana picha ile haikufifia hata kidogo. Ilikuwa vivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Basi mwaka jana niliposikia kwamba mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa Jinja anawafundisha watu wanaoanza kupiga picha, kila Jumamosi kwa majuma manane, nilikwenda nikalipa ada. Tulikuwa wanafunzi tisa, na wanane kati yetu wangeweza kuwa watoto wangu. Wao walikuja na simu zao. Mimi nilikuja na kamera ya filamu niliyoachiwa na mjomba wangu. Mwalimu akasema vyote ni sawa kwake, kwa kuwa mwanga ni ule ule.

Jumamosi ya kwanza hatukupiga picha hata moja. Mwalimu aliziba madirisha ya chumba kwa nguo nyeusi, akaacha tundu moja dogo lenye upana wa penseli. Tukakaa gizani mpaka macho yakazoea. Ndipo tukaona barabara ya nje imejichora ukutani, juu chini: miti matawi chini, na boda boda zikipita magurudumu yakiwa juu. Sababu yake ni nyepesi. Mwanga huenda moja kwa moja. Ule utokao kileleni mwa mti hupita tunduni ukaangukia sehemu ya chini ya ukuta, na ule utokao chini huangukia juu. Jambo hili lilichunguzwa sana na Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi Misri. Hata neno lenyewe kamera ni la Kilatini, maana yake chumba. Niliyekuwa naibeba shingoni miaka yote nikaona kumbe ni chumba kidogo chenye dirisha.

Jumamosi ya pili tulisoma nambari. Juu ya lenzi yangu zimeandikwa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, nami siku zote nilidhani 16 ni mwanga mwingi kuliko 2. Kumbe ni kinyume, kwa kuwa nambari hizo ni za kugawanya. Lenzi yangu ni ya milimita 50. Ukiweka 2, tundu lake lina upana wa 50 kugawanya kwa 2, yaani milimita 25. Ukiweka 16, upana ni milimita 3 na kidogo. Toka nambari moja hadi inayofuata mwanga hupungua nusu, na hiyo huitwa hatua moja. Vijana wa hesabu, pigeni wenyewe: toka 2 hadi 16 ni hatua sita, na nusu ya nusu mara sita ni sehemu moja ya 64. Pazia lililo ndani ya kamera nalo lina hatua zake: hufunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde, au ya 125, au ya 250. Ukipanua tundu hatua moja na kuharakisha pazia hatua moja, filamu hupata mwanga ule ule. Iko na kanuni ya jua kali: filamu ya 100, tundu 16, pazia 125. Niliikariri njia nzima hadi nyumbani, kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonipeleka kule. Nilikuwa nimeipiga picha yetu ya ukumbini kwa simu, nikamwonyesha mwalimu. Hakucheka. Akauliza, "Ilipigwa saa ngapi?" Nikajibu, saa sita mchana, baada ya sherehe. "Mlisimama wapi?" Mbele ya ukuta mweupe. "Mlivaa nini?" Mashati meupe, Mzee. Akanirudishia simu akasema, "Kipima-mwanga kilifanya kazi yake barabara. Aliyekishika ndiye hakufanya yake."

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo penye somo. Kipima-mwanga, kiwe cha mkononi au kilichomo ndani ya kamera au simu, hakijui kinatazama nini. Hakijui mtu, wala ukuta, wala shati. Kimetengenezwa kidhani kwamba kila kitu kinachotazamwa, ukikichanganya pamoja, ni cha rangi ya kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikielekezwa kwenye ukuta wa chokaa na mashati meupe, huona mwanga mwingi mno, kikasema, "Kijivu hiki kimezidi kung'aa, punguza." Mpiga picha akitii, ukuta hugeuka kijivu, na kila kilichokuwa cheusi kuliko ukuta husukumwa chini zaidi, gizani. Tena saa sita, kwetu hapa karibu na ikweta, jua husimama utosini, likaangaza nywele na mabega, na macho yakabaki shimoni chini ya paji la uso.

Mwalimu hakutaka tuamini kwa maneno tu. Alinisimamisha uani nikiwa na shati jeupe, akampa binti mmoja kipima-mwanga apime karibu kabisa. Kwenye shati kikasema tundu 16. Kwenye shavu langu kikasema 4. Hatua nne! Yaani shati langu lilikuwa likirudisha mwanga mara kumi na sita kuliko uso wangu. Nilisimama pale nikiwaza kwamba watu sitini na wawili tulipigwa picha siku ile, na kilichopimwa ni nguo.

Kijana mmoja akasema kwa hasira kwamba kosa ni la filamu za Wazungu, hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Mwalimu alikubali kwamba neno hilo lina ukweli. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha za rangi kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, ili walinganishe rangi za picha zao na ngozi yake. Na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, miaka ya 1990. Lakini akamwambia yule kijana asijifiche nyuma ya kadi. Akafungua kitabu cha picha za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, nchi ya Mali, mwaka 1948. Filamu yake ilitoka ng'ambo, tena ilikuwa ghali, hata mara nyingi alimpiga mtu picha moja tu. Alitumia mwanga wa jua uani kwake, na nyuma ya mtu akatundika kitambaa cha maua. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Tukazitazama nyuso zile, nyeusi kama zetu, na kila kope inaonekana. Yule kijana hakusema tena.

Basi nikajiuliza, je, haiwezekani kuiokoa picha yetu? Yule aliyetupiga alikwisha kufa, lakini mwanawe alizihifadhi filamu za baba yake katika maboksi ya viatu, nasi tukaipata ya mwaka ule. Kwenye filamu iliyosafishwa mambo hugeuka: palipopigwa na mwanga huwa peusi, na pasipofikiwa na mwanga hubaki wazi kama kioo. Mwalimu akaiinua dirishani. Mashati yalikuwa meusi tititi. Nyuso zilikuwa wazi, unaona mti wa nje kupitia kwake. Tuliitia katika kompyuta, tukaongeza mwanga kadiri inavyowezekana, tukapata chengachenga tu. Akaniambia, "Mwanga usipoandika, hakuna dawa ya kusoma." Waliopona ni wanne wa mwisho upande wa kulia, waliosimama karibu na kona ambapo ukuta umejipinda kuja mbele, chokaa iliwarudishia mwanga mashavuni. Nimewatambua wote wanne. Rafiki yangu hakuwa kona ile.

Nililala vibaya siku ile, nakiri.

Mambo ya Jumamosi zilizofuata nitayapitia upesi: kushika kamera bila kutikisika, kutoweka mti ukatokea kichwani mwa mtu, na kusafisha filamu katika chumba cha giza, ambako niliharibu moja nzima kwa kuwasha taa nikitafuta kalamu. Yaliyo na faida zaidi kwenu ni haya. Umpigapo mtu, sogea upime uso wake, usipime kilicho nyuma yake. Ikiwa ngozi ni nyeusi sana, punguza hatua moja toka kipimo hicho, ili isigeuke kijivu. Usipoweza kumkaribia, pima kiganja chako mwenyewe katika mwanga ule ule uliompata yeye, kisha ongeza hatua moja. Wenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga. Simu nyingi hupima pale ulipogusa. (Najua simu haziruhusiwi bwenini. Ngojeni likizo.) Na shati jeupe likizidi kung'aa likapoteza mikunjo yake, liache. Hakuna mama atakayekuja kutafuta shati.

Jumamosi ya mwisho kila mmoja alitakiwa kuleta picha moja ya mtu. Nilikwenda Bugembe kwa mama wa rafiki yangu, saa tatu asubuhi. Nilimweka kwenye kigoda ndani kidogo ya mlango, uso ukitazama nje, pasipo jua la moja kwa moja. Nyuma yake giza la nyumba, na chini mbele yake nikatandika shuka jeupe ili lirudishe mwanga kidevuni na machoni. Akaniuliza kama nimekuja kupiga picha au kufua. Nilipima shavu lake mara mbili. Tundu 4, pazia 60. Nilipiga tatu tu.

Nilipompelekea picha alivaa tena miwani yake, akaisogeza karibu vile vile kama siku ile ukumbini. Akaanza kuonyesha kwa kidole: kovu la utotoni, jino lililovunjika. Alipofika puani akasimama. "Pua hii aliichukua kwangu," akasema. "Na masikio haya pia. Wakikuuliza shuleni mwenzio alikuwaje, waonyeshe hii." Akanipa nakala moja nirudi nayo.

Nimemwomba mkuu wa shule ruhusa, naye amekubali, nakala hiyo itundikwe ukumbini chini ya picha ya mwaka 1987, pamoja na karatasi yenye majina yetu sitini na mawili kwa safu. Majina hamsini na manane nimekwisha kuyapata. Wenzangu wa safu ya nyuma mnaokumbuka mlisimama wapi, tafadhali mwandikieni mhariri. Na picha ya darasa la mwaka huu haitapigwa mbele ya ukuta. Itapigwa saa mbili na nusu asubuhi, kivulini mwa jengo la maabara, mkiielekea changarawe ya uani iliyopigwa na jua. Mtaniona nikipita mbele ya kila safu na kipima-mwanga mkononi, na nitachelewesha chai yenu kidogo. Walio warefu wasijifiche nyuma ya wenzao.