Lebo Haizimi Moto: Somo la Kukagua Vizimia Moto Mahali pa Biashara

Katika maduka, migahawa na nyumba za kulala wageni za Manispaa ya Morogoro, mtungi mwekundu uliotundikwa ukutani ni jambo la kawaida. Shingoni mwake pana lebo yenye tarehe na sahihi ya fundi. Mwenye biashara akiitazama huridhika, na mteja akiiona hujiona yu salama. Hata hivyo, lebo huthibitisha jambo moja tu: kwamba siku fulani fundi alifika. Haithibitishi kwamba leo, moto ukizuka, kizimia moto hicho kitatoa kitu. Somo hili linamfundisha msomaji namna ya kupata uhakika huo mwenyewe.

Wajibu wa kisheria

Usalama wa moto katika majengo ya biashara husimamiwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 na kanuni zake. Mkaguzi wa Jeshi ana mamlaka ya kuingia katika jengo, kukagua kinga na tahadhari za moto, na kuagiza marekebisho. Mwenye biashara hulipa tozo ya ukaguzi, na jengo lililotimiza masharti hupewa cheti. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa njia ya benki au simu. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu kwa ahadi ya kuletewa cheti baadaye.

Ukaguzi huo haumwondolei mwenye biashara wajibu wake. Mkaguzi huja na kuondoka. Siku zinazobaki ni zako.

Kila moto na dawa yake

Kabla ya kukagua, hakikisha kwamba ulichonacho kinafaa kwa kazi unayofanya.

Kizimia moto cha unga mkavu hufaa kwa moto wa mbao, karatasi na nguo, moto wa petroli, na hata moto ulioanzia kwenye umeme. Ndicho kinachofaa maduka mengi. Kizimia moto cha hewa ya ukaa hufaa mahali penye kompyuta na mitambo ya umeme, kwa kuwa hakiachi uchafu; lakini katika chumba kidogo hewa hiyo humnyima mtu pumzi, hivyo ukishakitumia toka nje mara moja. Kizimia moto cha maji hufaa kwa karatasi, mbao na nguo tu. Usikielekeze kamwe kwenye umeme wala kwenye mafuta yanayowaka.

Kwa mwenye kukaanga chipsi au samaki, karai la mafuta linaposhika moto maji huyarusha mafuta na kuusambaza moto. Kama unaweza kufika bila kuungua, zima jiko, funika karai kwa mfuniko wa chuma, na usilisogeze mpaka lipoe.

Ukaguzi wa kila mwezi

Chagua siku moja ya mwezi, kwa mfano siku unayolipa kodi ya pango. Kagua mambo haya saba. Hayazidi dakika tano.

1. Mahali. Kiwe karibu na njia ya kutokea, mahali ambapo mtu anakifikia bila kupanda kiti. Kama magunia au kreti za soda zimekiziba, ziondoe siku hiyo hiyo.
2. Geji. Mshale uwe katika sehemu ya kijani. Ukiwa kwenye nyekundu upande wa chini, presha imepungua.
3. Pini na lakiri. Pini iwe mahali pake na lakiri ya plastiki isiwe imekatika. Lakiri iliyokatika ni dalili kwamba huenda mtu alikwisha kukibonyeza.
4. Mpira na pua yake. Tafuta nyufa, na uangalie kama wadudu wamejenga ndani.
5. Mwili wa mtungi. Kutu na mibonyeo ni hatari, kwa sababu ndani mna presha. Inua mtungi utazame kitako, maana kutu huanzia hapo.
6. Uzito. Kizimia moto cha hewa ya ukaa kwa kawaida hakina geji. Kipime kwenye mzani na ulinganishe na uzito ulioandikwa juu yake. Gesi ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 ya iliyopaswa kuwemo, kipelekwe kujazwa.
7. Lebo. Soma tarehe ya huduma ya mwisho na jina la aliyeifanya. Hii huja mwisho, wala haichukui nafasi ya yale sita.

Andika tarehe na matokeo katika daftari. Mkaguzi atakapokuja, daftari hilo litakuwa shahidi wako.

Huduma ya mwaka

Kila mwaka kizimia moto kifanyiwe huduma na fundi mwenye ujuzi na vifaa. Simama umtazame. Fundi wa kweli hukipima uzito, hukagua kifyatulio, mpira na presha, na hubadilisha kilichochakaa. Anayebandika lebo mpya bila kukiteremsha ukutani amekuuzia karatasi. Usikubali vizimia moto vyote vichukuliwe siku moja bila kuachiwa vya akiba, na dai risiti ya kielektroniki.

Kumbuka pia kwamba kizimia moto kilichobonyezwa hata mara moja hakirudishwi ukutani kabla ya kujazwa. Chembe za unga hubaki kwenye vali, na presha huvuja kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Kwa wafanyabiashara wa milimani

Wenye maduka na nyumba za wageni katika Milima ya Uluguru, kama vile Mgeta, Matombo na Kinole, wana sababu ya kuzidisha uangalifu. Gari la zimamoto likitoka mjini lina safari ndefu ya kupanda milima, na wakati wa masika njia huwa ngumu zaidi. Tena ukungu na unyevu wa huko huharakisha kutu. Usikiweke kizimia moto sakafuni wala mahali panapovuja.

Mipaka ya kizimia moto

Kizimia moto cha kawaida cha dukani humaliza unga wake kwa sekunde 10 hadi 20 hivi. Kwa hiyo ni silaha ya moto mdogo unaoanza. Simama mgongo ukiwa upande wa mlango, vuta pini, elekeza pua kwenye kitako cha moto, bonyeza, kisha fagia kushoto na kulia. Kikiisha na moto bado upo, toka. Piga simu namba 114, iliyo ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au mwambie mwenzako apige tangu mwanzo.

Wakazi wa Morogoro hawahitaji kusimuliwa nguvu ya moto wa petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mbele ya moto kama huo hakuna mtungi wa ukutani unaofaa. Kinachofaa ni kukaa mbali.

Nafasi ya mteja

Wewe mteja pia una macho. Ukipanga chumba cha wageni, tazama kizimia moto kilipo, mlango wa dharura uko wapi, na kama umefungwa kwa kufuli. Ukiona kasoro, mweleze mwenye nyumba kwa heshima. Asipojali, toa taarifa katika ofisi ya Jeshi iliyo karibu. Aliyeuziwa kizimia moto bandia anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, akiwa na risiti yake.

Maswali ya kujipima

1. Geji ya kizimia moto chako inaonyesha nini leo?
2. Nani kati ya wafanyakazi wako anajua kuvuta pini?
3. Kama ungelazimika kukichukua gizani, ungekifikia bila kujikwaa?

Kama jibu la swali lolote halikuridhishi, lifanyie kazi leo kabla hujafunga duka.