Ngozi Imepona, Kidole Hakikunjiki

Kijana mmoja, fundi wa nguo, alinijia akilalamika kwamba kidole chake cha shahada hakikunjiki. Wiki sita kabla, alikuwa amekatwa na chupa, akashonwa nyuzi tatu, na kidonda kikapona vizuri. Kumbe iliyoshonwa ni ngozi tu. Chini yake kano ilikuwa imekatika, na hakuna aliyemwambia akunje ncha ya kidole.

Kano ni kamba nyeupe inayounganisha msuli na mfupa. Misuli mikuu ya kukunja vidole iko chini ya kiwiko, na kano zake hupita kiganjani hadi vidoleni, zikiwa ndani ya ala nyembamba. Kano ikikatika, msuli huivuta nyuma. Katika siku za kwanza, hata wiki moja au mbili, mpasuaji huweza kuunganisha ncha zake. Ukichelewa, hujikunyata na ala hujifunga. Huenda ukahitaji kupandikizwa kano nyingine, kwa upasuaji wa mara mbili.

Basi, msomaji, ukikatwa kiganjani au kidoleni, shikilia kidole katikati, ukunje ncha peke yake. Ikikataa, au upande mmoja ukifa ganzi, usikubali kushonwa na kurudishwa nyumbani. Omba kupelekwa kwa mpasuaji.

Baada ya hapo huvaliwa banzi kwa wiki sita hivi, pamoja na mazoezi. Ukiyaacha, kano hugandamana na ala. Ukiyazidisha, hukatika tena. Mizigo mizito husubiri wiki 12.

Kijana wangu sasa anangojea upasuaji wa kwanza kati ya miwili. Cherehani yake amemwachia nduguye.